Stenti inapoleta shida ndani ya mshipa wa moyo

Stenti ni kibomba cha wavu wa chuma kinachotegwa ndani ya mshipa wa moyo uliobanwa na mafuta, ili damu ipate njia. Kifua hakipasuliwi. Mrija mwembamba uitwao katheta hupitishwa kwenye mshipa wa kifundo cha mkono au wa kinena, waya mwongozo wenye unene wa milimita 0.36 hutangulia, na stenti hufuata ikiwa imebanwa juu ya puto. Puto likijazwa, stenti hutanuka na kushika ukuta. Puto hutolewa, stenti hubaki maisha yote. Andreas Grüntzig alizibua mshipa wa moyo kwa puto peke yake mjini Zurich mwaka 1977, na Jacques Puel akaweka stenti ya kwanza mjini Toulouse mwaka 1986.

Miji ya Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo, haina mtambo wa kazi hii. Mgonjwa anayevuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma bado ana kilomita zipatazo 1,250 za reli kufika Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015.

Mambo yakiharibika katikati ya kazi, daktari hushika kwanza kanuni moja: waya usivutwe. Waya ndiyo njia pekee ya kurudi mahali penye hitilafu. Ukuta wa ndani ukichanika, ngozi yake huning'inia na kuziba damu. Stenti nyingine hupitishwa juu ya waya uleule na kuibandika ngozi hiyo mahali pake. Waya ukiwa umeshatoka, kupata tena njia halisi ya damu ni kubahatisha.

Wakati mwingine stenti huchomoka kwenye puto kabla ya kufika, hasa mshipa ukiwa umejikunja au umejaa chokaa. Ikiwa bado iko juu ya waya, puto jembamba la milimita 1.5 hupenyezwa ndani yake hadi litokeze upande wa pili. Hapo hujazwa kidogo, kisha vyote viwili huvutwa taratibu kuelekea kwenye katheta. Ikishindikana, hunaswa kwa kitanzi cha waya, au hugandamizwa ukutani na stenti mpya juu yake. Kuigandamiza si kushindwa. Mara nyingi ni salama kuliko kuendelea kuivuta.

Linaloogopwa zaidi ni mshipa kutoboka, jambo linalotokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya mia. Damu humwagika kwenye mfuko unaozunguka moyo, na moyo hubanwa mpaka presha ianguke. Puto hujazwa papo hapo ili kuziba tundu. Damu iliyojaa hunyonywa kwa sindano chini ya ncha ya kidari, na tundu lisipofunga, huwekwa stenti yenye kitambaa. Protamini inaweza kutolewa kuvunja nguvu ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda inayotolewa wakati wa kazi hii, baada ya kupima hatari ya damu kuganda ndani ya stenti.

Hayo yote humalizwa katika chumba cha matibabu. Shida inayoweza kumfuata mgonjwa mpaka Baraka ni damu kuganda ndani ya stenti, kwa sababu mwili huchukua muda kuufunika ule wavu kwa utando wake. Kinachouzuia mgando huo ni aspirini pamoja na klopidogreli, kwa kawaida miezi 12 kama stenti iliwekwa kwa shambulio la moyo, au 6 kama halikuwepo. Aspirini huendelea baada ya hapo. Kuacha vidonge kabla ya wakati ndiyo sababu kubwa ya mgando, na mgando huo huleta shambulio la moyo linaloweza kuua. Omeprazoli inayonunuliwa kwa vidonda vya tumbo hupunguza nguvu ya klopidogreli. Pantoprazoli ni afadhali. Ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni.

Basi aliyewekewa stenti arudi na akiba ya dawa ya kutosha, pamoja na karatasi yenye tarehe, mshipa uliotibiwa, ukubwa wa stenti na tarehe ya kuacha kila kidonge. Aionyeshe kwa munganga yeyote, hata anapokwenda kung'oa jino tu, na asikubali kuachishwa vidonge kabla daktari wa moyo hajaulizwa.