Zali Halihesabiwi: Pool ya Kutaja Tundu Miono

Mchezo wa pool unaochezwa kwenye baa na vibanda vya Pwani hupimwa kwa mpira ulioingia tunduni, si kwa mpira ambao mchezaji alikusudia kuuingiza, na tofauti hiyo ndogo mara nyingi ndiyo inayoamua nani atalipia mchezo unaofuata. Mchezaji akilenga mpira namba 3 kwenye tundu la kona, akaukosa, mpira ukagonga kingo mbili na kuusukuma namba 6 hadi ukatumbukia katika tundu la katikati, sheria ya mtaani humwacha aendelee kupiga kana kwamba ndivyo alivyotaka. Vijana huliita tukio hilo zali, na katika meza nyingi zali lina thamani sawa na pigo lililopimwa kwa jicho na kutulizwa kwa mkono. Miono, mji ulio ndani kidogo ya barabara kuu ya Chalinze na Segera, kwenye njia inayotoka Mandera kuelekea Saadani, una wachezaji wasioridhika na usawa huo, nao wanacheza kwa sheria inayostahili kuangaliwa kwa makini kuliko ukubwa wa mji wenyewe unavyoweza kudokeza.

Mtetezi wao ni mzee mmoja, fundi wa kubadilisha vitambaa vya meza, ambaye alilelewa kwenye bao kabla ya kushika fimbo ya pool. Katika bao la Kiswahili wachezaji wawili hugawana kete 64 na kukabiliana juu ya mashimo 32. Kila mmoja huanza na kete 22 mkononi, na kwa kuwa hakuna dadu wala kete iliyofichwa, aliyefungwa hana wa kumlaumu ila hesabu zake. Kwa mzee huyo, pool inastahili heshima hiyohiyo, kwa sababu meza iliyosawazishwa vizuri na kitambaa kilichovutwa bila mkunjo humpa mpigaji karibu kila kitu anachohitaji ili ajue mpira utakwenda wapi. Anayekubali kulipwa kwa zali, kwa maelezo yake, anakubali pia kuporwa kwa zali, na mtu wa namna hiyo hatajifunza kamwe kuutuliza mpira mweupe pale anapotaka kuupigia tena.

Sheria yenyewe ni ya kutaja: kabla ya kila pigo mchezaji husema mpira gani utaingia tundu gani, na usipoingia kama alivyotaja, zamu inahama hata kama mipira mingine miwili imetumbukia. Jambo hilo si geni duniani, kwani kanuni za kimataifa za pool ya mpira namba 8, zinazosimamiwa na shirikisho la dunia la pool, zinadai mpira na tundu vijulikane kabla ya pigo, ilhali kanuni za mtindo wa Kiingereza unaojulikana kama blackball huukubali mpira ulioingia bila kukusudiwa. Hata snuka, mchezo unaosifiwa kwa nidhamu, huhesabu pointi za bahati, ingawa kwa desturi mchezaji huinua mkono kumtaka radhi mpinzani wake.

Ugumu wa Miono, hata hivyo, haukuwa katika kanuni bali katika tumbo la meza. Meza ya baa ni mashine ya sarafu: sarafu ikisukumwa ndani, mlango wa chini hufunguka na mipira 15 huporomoka ili ipangwe kwa pembetatu, na kuanzia hapo kila mpira unaotumbukia hutelemka kwenye mfereji hadi nyuma ya kioo au wavu, ambako huonekana lakini haushikiki mpaka sarafu nyingine ilipwe. Mpira mweupe pekee ndio unaorudi, kwa kuwa umetengenezwa kwa ukubwa tofauti na mingine au kwa kiini cha chuma kinachovutwa na sumaku, hivyo ukifika kwenye njiapanda ya mfereji huelekezwa upande wake. Maana yake ni kwamba adhabu iliyo ya haki zaidi, yaani kuurudisha mezani mpira ulioingia kwa zali, haiwezekani. Michezo iliyojengwa juu ya ustadi mtupu inaitegemea adhabu hiyo, ukiwemo ule wa 14.1 uliobuniwa na Jerome Keogh mwaka 1910, ambamo kila mpira hutajwa na 14 hupangwa upya huku mmoja ukiachwa mezani. Katika mchezo huo Willie Mosconi aliingiza mipira 526 mfululizo huko Ohio, Marekani, mwaka 1954. Idadi kama hiyo haiwezi hata kujaribiwa kwenye meza inayomeza mpira na kudai sarafu. Mzee anaona uchungu kwamba aliyechora mfereji huo akihesabu mapato ndiye pia aliyewatungia sheria wachezaji wa vijijini, bila kuwajua na bila kuwauliza.

Njia waliyoishika wachezaji wa Miono inafanana na ile ya pool ya mipira 10 katika kanuni za kimataifa. Mpira ukiingia pasipo kutajwa unabaki ulikokwenda, lakini mpinzani hupewa hiari: anaweza kupiga mipira ilivyokaa, au kumrudishia mpigaji zamu katika hali hiyohiyo. Ubora wa hiari hiyo unaonekana pale mpigaji anapokosa alichotaja, akaingiza kingine, kisha mpira mweupe ukajificha nyuma ya mweusi, kwa kuwa chini ya sheria ya kutaja peke yake mpinzani angepokea zamu iliyofungwa pande zote, lakini akiwa na hiari humwambia aliyelitengeneza fumbo hilo alifumbue mwenyewe.

Kinachobaki ni urefu wa pambano, ambao wengi hawauhesabu kuwa sehemu ya sheria. Mchezaji mwenye nafasi ya kushinda mara 60 katika 100 kwenye mchezo mmoja atashinda takriban mara 68 pambano likiwa la kutangulia kufikisha 3, na takriban mara 73 likiwa la kutangulia kufikisha 5. Mzee hakuipata hesabu hiyo kwa kalamu, ila anashikilia kwamba mchezo mmoja haumtambulishi fundi, na kwamba haki ya kufungua mchezo ipokezanwe badala ya kubaki kwa mshindi.

Wenye meza hawana furaha na haya yote, wala hoja yao si ya kupuuzwa. Mchezo wa kutaja huchukua muda mrefu, kwa hiyo sarafu huingia kwa nadra, na mgeni asiye na mkono, ambaye zali lilikuwa likimpa ushindi mmoja katika jioni nzima, hukata tamaa na kuondoka na fedha yake. Kwa upande mwingine, mwaka 2016 Rais John Magufuli alipowakemea hadharani vijana wanaocheza pool saa za kazi, meza hizo zilibeba lawama ya uvivu ambayo haijafutika, na mzee anaamini kwamba mchezo unaodai hesabu ungewapa wachezaji jibu la kuwapa wazazi wao. Inawezekana; lakini kijana wa shambani anayefika Jumamosi akiwa na sarafu mbili huenda alitafuta kitu kingine kabisa, na hakuna aliyemuuliza. Vilevile hakuna mwamuzi wa kuthibitisha nani alitaja nini pale sauti za watu na muziki zinapopanda. Kwa sasa wachezaji wa Miono hutaja kwa kugonga ukingo wa tundu kwa ncha ya fimbo, na ubishi kuhusu ni mpira upi uliokusudiwa bado unamalizwa kwa kupiga kelele.