Kupanda Vilima vya Buha Kabla ya Jua

Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, katika nchi ya Waha iitwayo Buha, hazina mlima wenye sifa ya Kilimanjaro, na hilo ndilo linalozifanya zimfae mtu anayetaka kupanda kwa mara ya kwanza ili aone jua likichomoza. Ugonjwa wa mwinuko, yaani maumivu ya kichwa na kichefuchefu yanayoletwa na upungufu wa oksijeni, kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, ilhali vilima vya Buha havifiki mita 2,000. Kwa hiyo mgeni hana la kuhangaika nalo ila giza, umande na pumzi yake mwenyewe.

Linalowachanganya wengi ni saa. Tanzania nzima hufuata saa ya longitudo ya 45 Mashariki, mstari wa kufikirika unaopita baharini, nje kabisa ya nchi, wakati Kasulu na Kibondo ziko karibu na longitudo ya 30. Na kwa kuwa dunia hutumia dakika 4 kuzunguka digrii moja, jua huchomoza huko karibu nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam, jiji lililo karibu zaidi na mstari huo. Kuanzia Juni hadi Agosti, miezi ya kiangazi ambayo njia ni kavu, jua huonekana muda mfupi baada ya saa moja asubuhi. Kwa kilima cha mwendo wa saa moja, kuondoka saa kumi na moja na nusu kunatosha, starehe wasiyoijua wapandaji wa Kilimanjaro wanaoianza safari ya kileleni usiku wa manane. Asizembee mtu, hata hivyo, kwa maana karibu na ikweta jua hupanda wima, na mwanga wa alfajiri hulitangulia kwa dakika 20 hivi tu.

Uchaguzi wa kilima nao una kanuni yake: katika miezi hiyo jua huchomozea kaskazini kidogo ya mashariki halisi, hivyo panafaa mahali ambapo upande huo hauzibwi na miombo wala na kilima kingine. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto haraka, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremkia mabondeni na kugeuza mvuke kuwa ukungu, huku vilele vikibaki wazi. Mahali pa aina hiyo ni mashariki ya Kibondo, ambako nchi hushuka kuelekea eneo oevu la Malagarasi na Muyovosi, lililoandikishwa mwaka 2000 kuwa la kwanza nchini chini ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu. Mwishoni mwa kiangazi moshi wa mashamba na misitu inayochomwa hulifanya jua liwe jekundu zaidi, lakini huficha upeo wa macho, na kwa maoni ya mwandishi huyu hasara yake inazidi faida.

Anayependa historia aelekee Heru Juu, wilayani Kasulu, palipokuwa makao ya watawala wa Heru walioitwa mwami, akiwemo Theresa Ntare, mwanamke aliyeshika utawala huo mwaka 1946.

Mpandaji avae sweta na viatu vyenye kushika ardhi, achukue tochi, na aongozane na mwenyeji. Kwa kuwa wilaya hizi zinapakana na Burundi na zimepokea wakimbizi kwa miaka mingi, aripoti kwanza ofisi ya serikali ya kijiji, kwani mtu asiyejulikana anayetembea porini usiku hutiliwa shaka.