Masomo ya Nyumbani Mafuriko Yanapofunga Shule

Muhula wa pili nchini Kenya mwaka 2024 ulikuwa uanze Aprili 29. Ukasogezwa hadi Mei 6 kwa sababu ya mafuriko; Mei 3 Rais William Ruto akauahirisha tena bila kutaja siku, na hatimaye shule zikafunguliwa Mei 13. Kila linapotokea jambo kama hili, pendekezo huwa lilelile: watoto wafundishwe mtandaoni, kama enzi za korona.

Lakini korona iliziacha nyumba zimesimama na umeme unawaka. Mafuriko huangusha nguzo, na simu ya mzazi ikizima hana pa kuichaji. Familia nyingine huwa zimehamia shuleni penyewe, zimelala madarasani. Hata penye umeme mambo hukwama: Februari 13, 2024, New York ilifunga majengo ya shule kwa theluji na kuhamishia masomo mtandaoni, na asubuhi ile wanafunzi wengi walishindwa kuingia kwenye mfumo.

Mimi ningeanza na redio, ila si kwa hotuba ndefu. Kipindi kizuri huachia nafasi ya mtoto kusema: mtangazaji anauliza saba mara nane ni ngapi, ananyamaza sekunde chache, mtoto anajibu kwa sauti, ndipo jibu linatolewa. Nikaragua ilifundisha hisabati hivyo miaka ya 1970, na Kenya ikafundisha Kiingereza miaka ya 1980. Tofauti ni kwamba huko mwalimu alikuwepo darasani. Nyumbani lazima kaka au dada mkubwa akae karibu, la sivyo hakuna anayejibu.

Karatasi ni bora zaidi, na ndiyo inayodharauliwa. Utabiri wa masika hutolewa kabla ya mvua kuanza, kwa hiyo mwalimu ana muda wa kuandaa bahasha ya mazoezi ya wiki mbili na kumkabidhi mtoto mapema. Ndani yake yawe marudio na hadithi za kusoma. Mada mpya zisubiri. Mtoto aliyeanzishiwa sehemu za namba peke yake hurudi na makosa yaliyoota mizizi.

Shule zikifunguliwa, kazi hizo zisitolewe alama. Zimsaidie tu mwalimu kujua nani aanzie wapi, na asiye na bahasha asiulizwe mbele ya wenzake ilikokwenda.