Chakula cha Kabla ya Mazoezi na Kuzoea kwa Msuli

Kuzoea kwa msuli ni mabadiliko yanayotokea katika nyuzi za msuli unaofanyishwa kazi ileile mara kwa mara, ambayo kwa mkimbiaji huonekana katika kustahimili mwendo mrefu, na kwa mnyanyua vyuma huonekana katika nguvu na unene wa msuli wenyewe. Vikundi vya jogingi vya Dar es Salaam, kuanzia Kinondoni hadi Temeke na Kipawa, huingia barabarani alfajiri kabla jua halijawa kali, na wengi wa wanachama wake hukimbia wakiwa hawajatia kitu tumboni tangu chakula cha usiku. Iwapo desturi hiyo huujenga msuli au huudhoofisha ni jambo linalotegemea aina ya zoezi, na pia kile kinacholiwa baadaye.

Wanga wa ugali, wali, mihogo au chapati humeng'enywa kuwa glukosi, yaani sukari ya damu, na ile isiyotumika papo hapo huhifadhiwa kama glaikojeni, ambayo ni akiba ya sukari inayofikia takriban gramu 100 katika ini na gramu 400 au zaidi katika misuli ya mtu mzima aliyekula vizuri. Wakati wa usingizi ini hutoa sehemu kubwa ya akiba yake ili kuulisha ubongo, ilhali akiba ya misuli hupungua kidogo tu, kwa kuwa msuli hauwezi kuirudisha sukari yake kwenye damu. Kwa hiyo aliyeamka na njaa amepungukiwa zaidi katika ini kuliko katika miguu. Asubuhi hiyo insulini, homoni inayoingiza sukari katika misuli na kuzuia mafuta yasitoke ghalani, huwa chini, na mwili huchoma mafuta kwa wingi zaidi. Kikombe cha chai yenye sukari pamoja na maandazi mawili hutosha kuipandisha insulini na kupunguza uchomaji huo.

Upungufu wa akiba huwa pia ishara kwa msuli. Ndani ya chembe hai zake kimo kimeng'enya kiitwacho AMPK, ambacho hutambua nishati inapopungua na kuchochea uundwaji wa mitokondria, yaani viungo vidogo vinavyochoma wanga na mafuta kwa msaada wa oksijeni, na ambacho huamka kwa nguvu zaidi pale glaikojeni inapokuwa haba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na wataalamu wa Copenhagen, nchini Denmark, uliwachukua wanaume 7 wasio na mazoea ya mazoezi, ambao mguu wao mmoja ulifanyishwa zoezi mara moja kila siku, na mwingine mara mbili kwa siku moja kisha ukapumzishwa siku iliyofuata, ili zoezi la pili lifanyike akiba ikiwa imeshapungua. Baada ya wiki 10 miguu yote ilikuwa imefanya kazi sawa kwa jumla, lakini ule uliofanyishwa kazi ukiwa na akiba haba ulistahimili kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuchoka.

Matokeo hayo yana mpaka wake, kwa sababu majaribio yaliyofuata kwa waendesha baiskeli wazoefu yalionyesha kwamba mwenye akiba haba hushindwa kufikia kasi ya juu katika mazoezi makali, hivyo faida anayoipata ndani ya chembe hai inaweza kumezwa na ulegevu wa zoezi lenyewe.

Wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya wanazipatanisha pande hizo mbili vizuri. Wengi wao huanza mbio za alfajiri kabla ya kifungua kinywa, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji 10 mahiri wa huko ulikuta kwamba zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, hasa ugali, na sukari ya kwenye chai ikiwa na sehemu kubwa. Njaa yao ni ya saa chache, na baada ya mbio akiba hurudishwa mapema kabla ya zoezi la pili.

Kwa wanyanyua vyuma hesabu ni tofauti, kwani unene wa msuli hujengwa kwa protini, na utengenezaji wa protini mpya huendelea kwa siku nzima au zaidi baada ya zoezi, hivyo jumla ya maharage, dagaa, mayai na maziwa yanayoliwa siku nzima ina uzito zaidi kuliko kula protini hiyo kabla au baada ya kunyanyua.

Kwa mkazi wa Kipawa, basi, mbio nyepesi za chini ya saa moja zinaweza kutangulia chai bila madhara, ilhali mazoezi ya kasi na mbio ndefu zinahitaji wanga ulioliwa saa mbili au tatu kabla, kama vile uji au viazi vitamu. Anayetumia dawa za kisukari hana budi kumwona daktari kwanza, kwa kuwa sukari yake inaweza kushuka ghafla njiani. Anayekimbia na njaa ili apungue mwili, kisha akaiendeleza njaa hiyo hadi mchana, huuamsha msuli halafu akaunyima vya kujengea.