Mfanyabiashara wa mpakani, linda mapaja yako

JINA bodaboda lilizaliwa hapa mpakani Busia, miaka ya 1960 na 1970, baiskeli zilipobeba watu na mizigo kutoka Kenya hadi Uganda. Nguvu ya kukanyaga pedali hutoka hasa katika misuli minne ya mbele ya paja, ambayo hunyoosha goti.

Nilisomea uhamishoni, sasa nafundisha Petta. Kila siku ya soko huona wenzangu wakiinua magunia magoti yamenyooka, mgongo umeinama. Hapo paja halisaidii, kiuno ndicho huumia.

Kwenye kumbi za mazoezi mijini, misuli hiyo hujengwa kwa mashine ya kusukuma uzani kwa miguu. Mgongo na makalio yasibanduke kwenye kiti. Tanua miguu kwa upana wa mabega, magoti yafuate mwelekeo wa vidole. Teremsha uzani polepole hadi goti lipinde kama digrii 90, kisha sukuma ukitoa pumzi. Usinyooshe goti hadi likakaza.

Huna mashine? Tumia kiti. Kaa na uinuke polepole bila kujishika, mara 10. Pumzika, kisha rudia mara mbili. Ukizoea, kumbatia jerikeni ya lita 5 yenye maji. Goti likiuma, acha, umwone daktari.

Wengi wetu tulirudi nyumbani mikono mitupu. Miguu ndiyo mtaji wa kwanza, na hakuna benki inayoukopesha.