"Respect": ni wimbo wa Otis au wa Aretha?

Kila tunapopiga "Respect" kwenye kipindi cha zilipendwa, ujumbe wenu huanza kuingia. Wengi mnamtaja Aretha Franklin. Wachache, hasa wazee wetu waliokuwa na santuri enzi hizo, hutukumbusha kwamba wimbo ule ni wa Otis Redding.

Wote mko sahihi. Na sababu ya wote kuwa sahihi ndiyo iliyoamua, kwa zaidi ya miaka 50, nani alipwe na nani asilipwe kila wimbo huo uliposikika redioni kule Marekani. Kwa kuwa baadhi yenu mna kwaya, bendi na vikundi vya ngoma, habari hii inawahusu pia.

Otis aliutunga

Otis Redding alizaliwa mwaka 1941 katika mji wa Dawson, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alikulia Macon, jimbo hilohilo. Alirekodi nyimbo zake katika kampuni ya Stax, mjini Memphis, jimbo la Tennessee, na santuri zake zilitoka kwa nembo ya Volt.

Studio ya Stax ilikuwa ndani ya jumba la zamani la sinema. Bendi yake, Booker T. & the M.G.'s, ilikuwa na Weusi wawili na Wazungu wawili, wakati ambapo ubaguzi wa rangi ulikuwa mkali katika majimbo ya kusini.

"Respect" ya Otis ilitoka mwaka 1965. Anayezungumza ndani yake ni mwanamume anayetoka kazini na pesa mfukoni, na anachomtaka mkewe ni heshima tu akifika nyumbani. Ulikuwa wimbo mzuri wa kuchezeka. Katika chati ya Billboard ya nyimbo 100 ulifika namba 35.

Aretha aliugeuza

Aretha Franklin alizaliwa Memphis mwaka 1942, akakulia Detroit. Baba yake, C. L. Franklin, alikuwa mchungaji mwenye jina kubwa, na Aretha alianza kuimba kanisani kwake. Alirekodi miaka kadhaa katika kampuni ya Columbia bila kupata kibao kikubwa, kisha akahamia Atlantic.

Tarehe 14 Februari 1967 aliingia studio mjini New York. Prodyuza alikuwa Jerry Wexler. Baadhi ya wapiga vyombo waliletwa kutoka Muscle Shoals, jimbo la Alabama. Aretha mwenyewe alipiga piano, na wadogo na wakubwa wa nyumbani kwao hawakukosekana: ndugu zake wa kike, Carolyn na Erma, ndio walioitikia.

Sikilizeni rekodi zote mbili mfululizo mtasikia tofauti. Kwa Aretha, anayezungumza ni mwanamke, naye haombi, anadai. Kuna sehemu ya katikati yenye saksafoni ya King Curtis, ambayo kwa Otis haipo. Na lile neno la heshima Aretha analitamka herufi moja moja, jambo ambalo Otis hakulifanya. Ndilo watu wengi wanalolikumbuka kwanza wakisikia jina la wimbo huu.

Juni 1967 wimbo ulishika namba moja Marekani kwa wiki mbili. Ulikuwa wakati wa harakati za Weusi kudai haki zao, na wanawake nao walikuwa wanadai zao. Wote waliuchukua wimbo huu kuwa wao. Ukampa Aretha tuzo mbili za Grammy.

Mwezi huohuo wa Juni, Otis aliuimba kwenye tamasha la Monterey, California, huku akiwatania watazamaji kwamba kuna msichana amemnyang'anya wimbo wake. Miezi sita baadaye, tarehe 10 Desemba 1967, ndege yake ilianguka katika ziwa Monona, jimbo la Wisconsin. Alikuwa na miaka 26.

Wimbo mmoja, haki mbili

Hapa ndipo palipo kiini cha jambo. Tunaposema "wimbo", kisheria tunazungumzia vitu viwili.

Cha kwanza ni utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo. Huo upo hata kama hakuna aliyewahi kuurekodi. Cha pili ni rekodi, yaani sauti za watu fulani zilizonaswa siku fulani. Kwaya kumi zikirekodi wimbo mmoja, utunzi ni mmoja, rekodi ni kumi.

Utunzi wa "Respect" ni wa Otis. Yale aliyoyaongeza Aretha hayakubadili kitu: jina la mtunzi lilibaki Otis Redding peke yake.

Sasa, sheria ya Marekani inazitaka redio za kawaida zimlipe mtunzi wimbo unapopigwa hewani. Haizilazimishi kumlipa aliyeimba wala waliopiga vyombo. Kwa hiyo kila redio ya Marekani ilipopiga "Respect" ya Aretha, mrabaha wa redio ulikwenda upande wa Otis, na baada ya kifo chake kwa warithi wake. Aretha alipata pesa kwenye mauzo ya santuri na maonyesho ya jukwaani. Kwa redio, hakuna.

Wenye redio kule wanasema kupiga wimbo ni kuutangaza, na mwimbaji hufaidika santuri zikinunuliwa. Waimbaji wanajibu kwamba matangazo ya biashara redioni yanalipiwa kwa sababu watu wanafuata sauti zao. Miswada ya kubadili sheria hiyo imepelekwa bungeni Marekani zaidi ya mara moja. Katika nchi nyingi nyingine, sheria inampa mwimbaji haki ya kulipwa rekodi yake ikitangazwa.

Mwaka 1995 Marekani ilianza kutoa haki hiyo kwa redio za intaneti na za setilaiti. Lakini sheria ya shirikisho haikuzigusa rekodi zilizotengenezwa kabla ya tarehe 15 Februari 1972, na "Respect" ni ya 1967. Pengo hilo lilizibwa kwa sheria iliyotiwa saini Oktoba 2018. Aretha alikuwa amefariki tarehe 16 Agosti mwaka huohuo, akiwa na miaka 76.

Mwenye rekodi ni nani?

Kuna mkono wa tatu: kampuni. Mwaka 1965 Stax ilitia saini mkataba na Atlantic wa kusambaza santuri zake. Atlantic iliuzwa mwaka 1967, na mwaka 1968 Stax ikitaka kujitoa, ikakuta ndani ya mkataba kifungu kinachosema rekodi zilizosambazwa na Atlantic ni mali ya Atlantic. Jim Stewart, aliyeanzisha Stax pamoja na dada yake Estelle Axton, alikuwa ametia saini bila kukiona kifungu hicho.

Hivyo rekodi za Otis zikaondoka Stax. "Respect" ya Otis na "Respect" ya Aretha zikaangukia kwenye mikono ileile. Stax ilijaribu kuanza upya, ikapata mafanikio na Isaac Hayes, lakini ilifilisika mwaka 1975.

Na hapa kwetu?

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Majina hayo mawili yanafuata mgawanyo uleule: hakimiliki ni ya mtunzi, hakishiriki inawahusu waimbaji na wapiga vyombo, watengenezaji wa rekodi na vituo vya utangazaji. Kenya kuna vyama tofauti kwa watunzi, kwa waimbaji na kwa watayarishaji.

Kwa hiyo, kabla kikundi chenu hakijaingia studio, kaeni chini mwandike mambo manne kwenye karatasi: nani katunga, nani kaimba, nani kapiga nini, na nani kalipia studio. Andikeni pia rekodi itakuwa ya nani baadaye. Wote watie saini. Mkipewa mkataba, someni hadi ukurasa wa mwisho, na kama lugha ni ngumu mtafuteni anayeielewa kabla ya kushika kalamu. Maelewano ya mdomo hupendeza wakati wimbo haujapendwa.

Nasi kwa upande wetu, tukipiga "Respect" kwenye zilipendwa tutataja majina mawili: Aretha Franklin aliyeimba, na Otis Redding aliyetunga. Mkituletea nyimbo zenu, andikeni majina yote mawili tuyasome hewani.