Roho Kwanza, Mali Baadaye

Kwa miaka kadhaa sasa, wakazi wa Kisauni, Likoni na mitaa mingine ya Mombasa wamekuwa wakisumbuliwa na makundi ya vijana wenye mapanga. Huvamiwa mwenye duka anayefunga mlango, mama anayesubiri matatu, hata mzee aitikiaye adhana ya Alfajiri. Tumeona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili na familia zetu, kwani anayejikuta katikati ya kundi hana muda wa kutafakari. Hutenda lile alilokwisha kuliazimia nyumbani.

La kuazimia ni hili: nia si kushinda, bali kurudi salama. Wapo vijana wetu wanaodhani kutoa simu ni woga, na hutaja Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi. Hadithi ni sahihi. Lakini wanazuoni wengi wameeleza kuwa kuitetea mali ni ruhusa, si faradhi. Tena, katika mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi, nafsi hutangulizwa mbele ya mali.

Mara nyingi mmoja hukusimamisha kwa swali dogo, huku wenzake wakikuzunguka. Basi usisimame. Ondoka mapema, kabla duara halijafunga, uelekee penye mwanga na watu, ukipaza sauti. Usikimbilie kichochoro usichokijua mwisho wake.

Ukishazungukwa, toa wanachotaka pasipo kubishana wala kutukana. Zaidi ya yote, usiseme, "Nakujua wewe, mtoto wa fulani." Mitaa yetu ni ya kujuana, na neno hilo laweza kumfanya mwizi aone usalama wake ni kukunyamazisha. Mtambue kimoyomoyo, useme kituoni.

Wakianza kupiga, jitahidi usianguke. Ukianguka, jikunje, ukinge kichwa na shingo kwa mikono, na uinuke upatapo nafasi. Kwa aliyekatwa, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia hadi hospitalini. Kilichochomekwa mwilini kisichomolewe na asiye mganga.

Kisha piga ripoti kwa 999 au 112, uandikishe kituoni na upewe nambari ya OB. Aliyeumizwa aombe fomu ya P3, ijazwe na daktari. Msidharau kwa kuwa kilichoibwa ni simu tu. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya chamhesabu mnyang'anyi aliyefuatana na mwenzake hata mmoja, au mwenye silaha ya hatari, kuwa ametenda wizi wa kimabavu.

Latubakia moja zito. Mshukiwa akikamatwa, mtaa hutoka na mawe na matairi. Hapo sisi ndio tunaokuwa kundi, naye ndiye mmoja aliyezungukwa. Huenda si yeye. Na hata akiwa ndiye, hukumu si ya barabarani. Akabidhiwe polisi akiwa hai, naye mzazi aonaye panga chini ya kitanda cha mwanawe asingoje siku hiyo.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, wasidhulumiwe wala wasidhulumu. Amin.